Mwongozo Kamili wa Kuchagua Rangi ya Kuta za Ndani: Krimu, Nyeupe ya Maziwa au Kijivu Hafifu?

Malalamiko yanayonifikia kuhusu rangi za ndani hufanana sana. Mtu alinunua krimu, ukutani ikawa pinki. Mwingine alinunua nyeupe ya maziwa, sebule ikatoka njano. Wa tatu alichagua kijivu hafifu alichokiona kwenye picha, na chumba chake sasa kina ubaridi wa samawati ambao hakuuona kabisa dukani. Lawama huenda kwa fundi au kwa duka, ilhali mara nyingi rangi iliyomo ndani ya kopo ni ileile iliyo kwenye kadi. Kilichobadilika ni mwanga, vitu vinavyoizunguka, na ukubwa wa eneo lililopakwa, na hayo yote hayawezi kuonekana kwenye kadi yenye upana wa vidole viwili.

Mwongozo huu umeandikwa kwa nyumba za Mwanza na ufuko wa Ziwa Victoria, kwa mtu ambaye tayari ameamua kwamba anataka rangi hafifu isiyopiga kelele, lakini amekwama kati ya rangi tatu au nne zinazofanana. Njia nitakayoieleza ni ya kuondoa moja baada ya nyingine hadi ibaki ile ambayo huna sababu ya kuikataa.

## Mahitaji

Kusanya vitu hivi kabla ya kuanza, kwa kuwa kazi ikikatika katikati, ulinganisho wa jana na wa leo huwa hauna maana tena.

- Karatasi nyeupe za A4 za kuchapishia, kama kumi hivi, kutoka pakiti moja.
- Vibao vya majaribio: mabaki ya jipsamu bodi yenye ukubwa wa takriban sentimita 60 kwa 60, viwili kwa kila rangi. Ukikosa, tumia manila nene, ila ibandike juu ya kitu kigumu, kwa sababu rangi ya maji huifanya ijikunje.
- Rola ndogo ya inchi 4, brashi ya inchi 2 na trei.
- Kopo dogo kabisa linalopatikana la kila rangi utakayoijaribu.
- Balbu utakazozitumia kweli katika chumba hicho.
- Kipande cha marumaru kilichobaki wakati wa ujenzi, kipande cha pazia, na mto mmoja wa kochi.
- Daftari na kalamu.
- Muda wa siku mbili au zaidi, na ikiwezekana moja iwe ya jua na nyingine ya mawingu.

## Hatua ya 1: Orodhesha vitu ambavyo hutavibadilisha

Rangi ya ukuta ni rahisi kubadilisha kuliko karibu kila kitu kingine ndani ya nyumba, kwa hiyo yenyewe ndiyo inayopaswa kuvifuata vingine. Andika marumaru za sakafuni, dari, milango, fremu za madirisha, makochi na pazia ambazo huna mpango wa kuzitoa.

Sasa chukua karatasi nyeupe, uilaze juu ya marumaru, kisha simama wima na uitazame kwa sekunde kadhaa. Marumaru ambazo umeishi nazo miaka yote ukiziita nyeupe zitaanza kujisema: nyingine zitaonekana njano, nyingine pinki, nyingine kijivu chenye samawati. Hilo ndilo jambo unalolitafuta. Kila rangi hafifu, hata ile inayoonekana haina rangi, imeelemea upande fulani, na jicho haliwezi kuutambua upande huo bila kuwa na nyeupe halisi pembeni ya kulinganishia.

Fanya vivyo hivyo kwa pazia na makochi. Kwa milango ya mninga tayari unajua kwamba ina wekundu, na wekundu huo una athari yake: ukuta wa kijivu ukikaa karibu na mbao nyekundu huonekana kuwa na ukijani kidogo, kwa sababu jicho husukuma rangi zilizo jirani kuelekea pande zinazopingana. Anayepanga kijivu kwenye chumba chenye milango na makabati ya mninga na akumbuke hili atakapofika dukani.

Tahadhari moja tu. Marumaru zikielemea njano, ukuta unaoelemea samawati utazifanya zionekane kama zimechakaa au hazikudekiwa vizuri. Sebule nyingi huharibikia hapa, kuliko kwenye kosa lingine lolote la rangi.

## Hatua ya 2: Usome mwanga wa chumba chako

Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya na Marekani husema kwamba chumba chenye dirisha la kaskazini kina mwanga wa baridi na chenye dirisha la kusini kina mwanga wa joto. Kwa Mwanza, uache ushauri huo ulipo. Jiji liko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Dirisha la kaskazini, kwa hiyo, hupata jua mwezi Juni na kulikosa Desemba, na la kusini ni kinyume chake. Tena, kwa kuwa wakati wa mchana jua huwa juu sana, madirisha ya pande zote mbili hukingwa na ukingo wa paa au na baraza.

Tofauti kubwa hapa kwetu ni ya mashariki na magharibi. Chumba cha mashariki hupokea jua la chini, lenye unjano, tangu linapochomoza hadi kama saa 4 asubuhi, kisha hubaki na mwanga wa anga uliotulia siku nzima. Chumba cha magharibi huwa kimepoa asubuhi, halafu kuanzia saa 9 alasiri huingiwa na mwanga unaozidi kuwa wa dhahabu hadi jua linapozama. Krimu iliyopendeza asubuhi katika chumba cha magharibi inaweza kuonekana imeungua ifikapo saa 11 jioni.

Baada ya upande wa dira, tazama kilichopo nje ya dirisha, kwa sababu mwanga mwingi unaoingia ndani umegonga kitu kwanza. Hapa Mwanza, vitu vinne hujirudia.

Cha kwanza ni mwamba. Nyumba nyingi za milimani, kama za Igogo, Bugando na Mabatini, zina jiwe kubwa hatua chache kutoka dirishani. Jiwe lililo kivulini hurudisha mwanga hafifu wa kijivu, na jiwe hilohilo likipigwa na jua hurudisha mwanga mwingi wenye joto. Chumba kinachotazamana na jiwe hubadilika kwa siku moja kuliko vyumba vingine vya nyumba hiyohiyo.

Cha pili ni ziwa. Nyumba zinazotazama maji upande wa magharibi, kama baadhi ya zile za Capri Point na Bwiru, hupata mwanga mara mbili jioni: mara moja kutoka kwenye jua na mara ya pili kutoka kwenye maji, na huu wa pili huingia ukitokea chini na kugonga dari. Dari yenye unjano itaumwaga unjano huo chumba kizima.

Cha tatu ni majani. Mwembe au mparachichi ulio karibu na dirisha huleta ukijani ndani, na rangi inayoelemea kijani itazidishwa nao. Cha nne ni ukuta wa jirani. Katika maeneo yaliyobanana, chanzo kikuu cha mwanga wa chumba cha pembeni kinaweza kuwa ukuta wa jirani uliopakwa rangi ya chungwa, na hakuna krimu itakayobaki krimu mbele ya ukuta huo.

Kisha kuna kioo chenyewe. Madirisha mengi ya aluminiamu yamewekwa vioo vya tinti, vya kahawia, vya samawati au vya kijani, na watu huvisahau kabisa wanapochagua rangi. Kuvipima ni rahisi. Sogeza kioo kimoja hadi dirisha libaki wazi nusu, weka karatasi mbili nyeupe kwenye ukingo wa dirisha kwa ndani, moja nyuma ya kioo na nyingine mbele ya uwazi, kisha rudi nyuma hatua mbili. Tofauti utakayoiona kati ya karatasi hizo mbili ndiyo rangi ambayo kioo chako kinaiongeza kwenye kila ukuta wa chumba hicho, kila siku. Ikiwa kwa kawaida madirisha hufungwa mchana, vibao vyako utavilinganisha madirisha yakiwa yamefungwa, na pazia jepesi likiwa mahali pake kama kawaida.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kuandika sentensi ya namna hii kwa kila chumba: «Sebule: jua la magharibi kuanzia saa 9, kioo cha kahawia, mwamba mbele ya dirisha, marumaru zinaelemea njano.» Usiende dukani kabla hujaiandika.

## Hatua ya 3: Chagua balbu kwanza

Sebule hutumika zaidi usiku, na kwetu usiku huingia mapema kabla ya saa 1 na nusu. Kuchagua rangi mchana na balbu baadaye ni kuchagua nusu tu ya rangi.

Soma namba inayoishia na herufi K kwenye boksi la balbu. Balbu za 2700K hadi 3000K hutoa mwanga wa njano, za 4000K hutoa mwanga wa katikati, na za 6500K hutoa ule mweupe wenye samawati, ambao ndio umejaa madukani. Chini ya mwanga wa 6500K, kijivu huzidi ubaridi na krimu inaweza kuonekana imepauka yenye ukijani. Chini ya mwanga wa 3000K, krimu hunona, na kijivu chenye samawati hutulia na kuwa karibu na kijivu cha kawaida.

Mimi hupendekeza 3000K hadi 4000K kwa sebule na vyumba vya kulala, lakini jambo la lazima ni moja: balbu zote za chumba kimoja ziwe na namba moja. Ukuta wenye balbu ya 3000K kushoto na ya 6500K kulia utaonekana kama umepakwa na mafundi wawili waliogombana.

## Hatua ya 4: Dukani, chagua chache na uzitoe nje

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya katikati ya jiji utapewa kitabu cha rangi chenye kadi nyingi, na pengine muuzaji aliyechoka atakwambia, «Hizi zote ni krimu tu, mama, chukua yoyote.» Mshukuru, halafu toka na kitabu hadi mlangoni penye mwanga wa anga, kivulini. Taa za ndani ya duka hazihusiani na taa za nyumbani kwako.

Weka karatasi nyeupe chini ya kila kadi. Kisha tumia ujanja ambao wachoraji na wauzaji wazoefu huutumia: kadi nyingi hupangwa kwa vipande virefu, kutoka rangi hafifu kabisa hadi ile iliyokolea. Wewe unataka iliyo juu kabisa, lakini tazama iliyo chini kabisa. Ikiwa chini kuna rangi ya udongo mwekundu, ile krimu ya juu itaelemea pinki. Ikiwa chini kuna haradali, itaelemea njano. Ikiwa chini kuna rangi ya majani makavu, itaelemea kijani, na kijivu ambacho chini yake kuna buluu ya wino kitakuwa na ubaridi hata ukipake wapi. Hafifu na iliyokolea za kipande kimoja kwa kawaida ni za ukoo mmoja.

Kwa kutumia sentensi uliyoiandika katika hatua ya 2, ondoa kadi zinazogombana na chumba chako. Marumaru zinaelemea njano? Ondoa kijivu chenye samawati. Mlango wa mninga na kioo cha kahawia? Ondoa krimu zinazoelemea pinki, kwa sababu vyote viwili vitaongeza wekundu. Mwembe dirishani? Ondoa zenye ukijani. Utashangaa jinsi kadi kumi zinavyogeuka tatu bila kupaka hata tone.

Baadhi ya vitabu huandika pia kiwango cha kuakisi mwanga, kuanzia 0 kwa nyeusi hadi 100 kwa nyeupe. Kikiwepo, kinakili. Rangi mbili zenye viwango vya 82 na 80 hazitatofautiana kwa mwanga bali kwa upande zinakoelemea, na hiyo itakusaidia baadaye.

Usichague kwa picha ya simu. Kila kioo cha simu kina rangi zake, na picha zilizo mtandaoni mara nyingi zimeongezewa mwanga. Tena picha ya sebule iliyoko Uingereza mwezi Novemba haikwambii lolote kuhusu sebule ya Nyegezi.

Ondoka dukani na rangi tatu, nne zikizidi sana. Andika jina na namba ya kila moja, pamoja na aina ya mng'ao.

## Hatua ya 5: Tengeneza vibao vya majaribio

Omba kopo dogo kabisa la kila rangi, katika mng'ao uleule utakaoutumia ukutani, kwa kuwa rangi moja ikiwa mati (isiyong'aa) na ikiwa na mng'ao wa hariri (unaong'aa kidogo) huonekana tofauti. Ujue pia kwamba mashine ya kuchanganyia haiwezi kudondosha chini ya kipimo fulani cha rangi ya kukoleza. Kwa rangi hafifu sana, kopo dogo linaweza kutofautiana kidogo na ndoo kubwa, na ndiyo maana katika hatua ya mwisho nitakutaka ujaribu tena kabla ya kupaka nyumba nzima.

Paka kila kibao mikono miwili (yaani tabaka mbili) kwa rola, ukiacha mkono wa kwanza ukauke kabisa. Tumia rola hata kama brashi iko karibu, maana ukuta utapakwa kwa rola na michirizi ya brashi hubadilisha namna mwanga unavyotua. Paka rangi hadi ukingoni, bila kuacha ukanda mweupe pembeni, kwa sababu ukanda huo huifanya rangi ionekane imekolea kuliko ilivyo. Nyuma ya kila kibao andika jina na namba.

Usihukumu chochote siku hiyo. Rangi za maji kwa kawaida hukolea kidogo zikikauka, na wakati wa masika hewa ya ziwani ina unyevu unaochelewesha ukaukaji. Subiri hadi kesho yake.

Wengi hupenda kupaka viraka vya rangi moja kwa moja ukutani. Siipendi njia hiyo. Kiraka kimoja hulinganishwa na rangi ya zamani inayokizunguka badala ya kulinganishwa na marumaru na pazia, hakihamishiki kwenda kona yenye giza, na kingo zake huweza kuonekana hata baada ya rangi ya mwisho kupakwa juu yake.

## Hatua ya 6: Linganisha mbili mbili

Funika sehemu ya ukuta kwa karatasi nyeupe zilizobandikwa pamoja, ili rangi ya zamani isiingilie. Simamisha vibao wima juu ya karatasi hizo, kama ukuta utakavyosimama, kwani kibao kilicholazwa sakafuni hupokea mwanga wa dari na kuonekana cheupe zaidi. Viwili vya rangi moja vikutanishe kwenye kona, kwa pembe, kama kuta mbili zinavyokutana. Kwenye kona rangi hujiakisi yenyewe, na ile inayoelemea pinki au njano hujidhihirisha hapo kabla ya mahali pengine popote. Sogeza kipande cha marumaru, pazia na mto karibu.

Leta rangi ya kwanza na ya pili tu. Ya tatu iweke chumba kingine, kwa sababu jicho likiwa na rangi tatu zinazofanana mbele yake huanza kutafuta iliyo katikati na kuiita nzuri.

Tazama saa 2 asubuhi, saa 7 mchana, saa 11 jioni, na saa 2 usiku taa zikiwa zimewaka. Kila mara andika kwa maneno ya kawaida kile unachokiona: «inavuta pinki», «imefifia, kama haipo», «kona ina uchafu», «imekaa sawa na marumaru». Andika kabla ya kumuuliza mwenzio, kisha muulize. Watu wawili wakitumia neno moja bila kuambizana, neno hilo liamini.

Rangi yoyote itabadilika kati ya asubuhi na usiku, na hilo haliepukiki. Unachokitafuta ni rangi ambayo katika nyakati zote nne haikukera. Iliyopendeza mno saa 2 asubuhi lakini ikachukiza usiku iondoe, hata kama moyo unaipenda, halafu leta ya tatu ishindane na iliyobaki.

## Hatua ya 7: Kuamua kati ya mbili za mwisho

Hapa ndipo wengi hukwama, na kwa kawaida ni kwa sababu hawajajua mbili hizo zinatofautiana kwa nini. Ziweke ziguse ukingo kwa ukingo, na ukunje macho hadi uone ukungu. Mpaka kati yake ukipotea, basi mwanga wake ni sawa na tofauti ni ya upande zinakoelemea. Mpaka ukibaki, moja imekolea kuliko nyenzake.

Tofauti ikiwa ni ya upande, amua kwa kitu kikubwa zaidi kisichobadilika ndani ya chumba, ambacho mara nyingi ni sakafu. Chukua ile inayoelemea upande mmoja na sakafu hiyo, au isiyoelemea sana popote.

Tofauti ikiwa ni ya ukolevu, amua kwa mwanga. Chumba kinachopigwa na jua moja kwa moja kwa saa kadhaa huifuta rangi hafifu sana ikaonekana nyeupe tupu, kwa hiyo chukua iliyokolea zaidi. Chumba chenye giza kina mtego wake: watu hukimbilia nyeupe kabisa wakidhani itakiangaza, lakini ukuta hauna mwanga wake wenyewe, na nyeupe iliyo kivulini hugeuka kijivu kilichochujuka. Krimu yenye joto kiasi hukaa vizuri zaidi humo. Isipokuwa kama rangi zako mbili ni za njano au pinki: hizo chukua hafifu, kwa maana kuta nne zinazotazamana huakisiana na kuikoleza rangi kupita ulivyoiona kwenye kibao.

Ukishindwa kabisa kuona tofauti baada ya siku mbili, tofauti hiyo haitaonekana ukutani pia. Chukua yenye bei nafuu.

## Hatua ya 8: Mng'ao

Sitakaa sana hapa. Mati huficha mawimbi ya plasta na ni nzuri kwa dari, lakini husafishika kwa shida. Mng'ao wa hariri hufutika kwa kitambaa kibichi, ila huanika kila kosa la fundi wa skimu (lile tabaka laini la juu ya plasta), hasa kwenye ukuta unaopigwa na mwanga wa pembeni kutoka dirishani.

Kwa wanaokaa karibu na maji kuna sababu ya ziada. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoibuka kwa makundi kama mawingu huifuata taa, na asubuhi ukuta unaozunguka balbu huwa na madoa yao. Kwenye mati hafifu, ukisugua madoa hayo unabaki na doa linalong'aa mahali pa doa jeusi. Kwa ukuta wenye taa, korido na chumba cha watoto, chukua hariri.

## Hatua ya 9: Kununua na kumkabidhi fundi

Piga hesabu kabla ya kulipa. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kuta za mita 3 kina mita za mraba 48. Ukitoa kama 6 za mlango na madirisha zinabaki 42, na kwa mikono miwili ni 84. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo unahitaji kama lita 8 na nusu. Galoni mbili za lita 4 zitapungua kidogo. Ongeza kopo la lita 1, na uagize vyote vichanganywe kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, kopo na kopo hutofautiana. Mwambie fundi amimine makopo yote ya chumba kimoja kwenye ndoo moja kubwa safi na ayakoroge pamoja kabla ya kuanza, ili ukuta wa nne usije ukatofautiana na wa kwanza.

Mweleze mambo mengine matatu kwa heshima na kwa uwazi, kabla hajafungua kopo. Asiongeze rangi ya kukoleza wala nyeupe kwa kukadiria, hata akiona «imekolea mno, bosi». Asizidishe maji kupita maelekezo ya kopo, maana rangi iliyotiwa maji mengi hufunika vibaya na ya chini hupenya. Na ukuta wa zamani wenye rangi kali, au wenye viraka vya skimu mpya, upakwe praima nyeupe (rangi ya msingi) kwanza, la sivyo chaguo lako lote litakuwa limechanganyika na kilichopo chini.

Nyumba ikiwa mpya, acha plasta ya saruji ikae wiki nne hivi kabla ya rangi. Plasta mbichi ina unyevu na chokaa vinavyoweza kuleta chumvi nyeupe na kubadilisha rangi, na hapo hakuna kadi wala kibao kitakachokuokoa.

Apake ukuta mmoja tu, mikono miwili, ule ulio mbele ya dirisha. Usiku na asubuhi inayofuata, simamisha kibao chako juu ya ukuta huo. Kibao kikipotea ndani ya ukuta ukiwa umesimama mlangoni, ruhusu kazi iendelee. Kikionekana wazi, rudi dukani na kibao pamoja na kopo. Ndoo ambazo hazijafunguliwa ni rahisi kuzungumzia kuliko chumba kilichokwisha.

Kazi ikiisha, mimina rangi iliyobaki kwenye chombo kidogo kinachojaa hadi juu, ukifunge vizuri, na ukiandike kwa kalamu isiyofutika: jina la rangi, namba, mng'ao, chumba na tarehe. Kihifadhi ndani ya nyumba, mbali na bati linalopata joto. Kibao kimoja kiweke nyuma ya kabati, kwa sababu ukienda kununua pazia mpya, hicho ndicho cha kubeba.